Je, Kosa la Wengi Laondoa Kosa la Mmoja?

Sisi wa Mwananyamala hatukai ufukweni, lakini bahari hutufikia mlangoni ndani ya beseni la mwuza samaki. Changu na tasi tuwalao hupata malisho na maficho penye matumbawe, kama yale ya visiwa vya Mbudya na Bongoyo, vilivyowekwa kuwa hifadhi mwaka 1975.

Tumbawe si jiwe tupu. Ni nyumba ya viumbe wadogo sana, waijengao kwa chokaa waipatayo majini, kidogo kidogo, miaka mingi. Nayo ina adui wawili. Wa kwanza atoka mbali: moshi wa viwanda na magari ya dunia nzima. Hewa ya ukaa huingia baharini na kuyatia maji tindikali, hata vitu vya kujengea chokaa vikapungua. Tangu viwanda vikubwa vilipoanza, tindikali hiyo imeongezeka kadiri ya sehemu 30 katika 100. Tena hewa hiyo huzidisha joto. Mwaka 1998 maji yalipata joto kupita kiasi, na matumbawe mengi ya pwani yetu yakapauka na kufa. Adui wa pili yu karibu: mtu avunjaye matumbawe ili achome chokaa, na mvuvi wa baruti. Baruti ilikatazwa kwa sheria mwaka 1970, lakini iliendelea kulia miaka mingi.

Mtu husema, “Bahari yaharibiwa na mataifa makubwa, baruti yangu moja ni kitu gani?” Neno hili lina kweli ndani yake, maana moshi wetu ni mchache kuliko wao, nao wana deni kubwa zaidi. Lakini na tufikiri. Mtu akiugua ugonjwa alioletewa na mgeni, je, nduguye amepata ruhusa ya kumpiga? Hasha! Kwa kuwa ni dhaifu, yampasa kumtunza zaidi. Vivyo hivyo tumbawe lililodhoofishwa na joto na tindikali haliinuki upesi likivunjwa tena.

Wala tusimhukumu mvuvi peke yake. Yeye ana watoto wenye njaa, na sisi twafurahia bei rahisi bila kuuliza. Samaki wa baruti mara nyingi nyama yake imelegea na mifupa imevunjika ndani. Twaijua dalili hiyo, nasi twanunua.

Moshi wa mbali hatuwezi kuuzima leo. Lakini fedha iliyo mkononi mwetu twaweza kuizuia, na kwa hiyo tutaulizwa sisi wenyewe.