Ulinzi Unaolipwa Njiani

Anayeijua Uvira, mji wa mashariki mwa Kongo kando ya Ziwa Tanganyika, hawezi kuwabeza vijana walioshika silaha. Mwishoni mwa 1998, huko Makobola, kusini kidogo mwa mji, raia kwa mamia waliuawa na waasi wa RCD na washirika wao. Serikali ilikuwa mbali. Mai-Mai, wapiganaji wa kienyeji, walikuwa watoto wa nyumbani, na vijiji vikawalisha. Kisa hiki nakisimulia kwa sababu ya chakula kile, kilichotolewa kwa moyo mweupe, na mahali kilipoishia.

William Amuri Yakutumba, aliyetoka kwa Mai-Mai hao, alikuwa afisa wa jeshi jipya la taifa, FARDC. Mwaka 2007 alikataa watu wake wachanganywe na wanajeshi wengine, akabaki Fizi, kusini mwa Uvira, akiitumia rasi ya Ubwari, akiwa na chama chake cha siasa na boti zake. Alisema analinda ardhi ya wenyeji. Lakini mwenye bunduki hula kila siku, na adui haji kila siku. Mchango ukawa ushuru. Boti za Baraka na Kalemie zikasimamishwa majini, zikatozwa au zikaporwa. Dhahabu ya Misisi ikaliwa kabla haijafika kwa wanunuzi wa Bujumbura, ambako njia ya Dubai ilianzia.

Polisi na wanajeshi walikuwa wapi? Walikuwa kwenye kamba yao wenyewe, iliyofungwa barabarani kuwazuia wapitao. Mwaka 2017 taasisi ya IPIS ya Ubelgiji ilihesabu vizuizi 798 katika Kivu ya Kaskazini na ya Kusini, na vingi vilisimamiwa na wanajeshi wa serikali. Askari ambaye mshahara wake hautoshi, au hauji kabisa, hupangwa barabarani. Jioni sehemu ya alichokusanya hupanda kwa mkubwa wake, nao wenyewe huiita raporo. Mkubwa naye ana mkubwa wake. Kamanda anayekula raporo hatatoa amri ya kuiondoa kamba, hata aandikiwe barua ngapi na asasi za raia. Kinachoniuma ni mama mwenye gunia lake la ndagala: siku hiyohiyo, kwenye barabara hiyohiyo, anamlipa mwanajeshi, kisha anamlipa yule anayesemekana kuwa adui wa mwanajeshi huyo. Akifika sokoni bei imepanda, na lawama za wanunuzi zinamwangukia yeye.

Septemba 2017 Yakutumba, sasa akitaka kumwondoa Rais Kabila, aliwafikisha wapiganaji hadi milangoni mwa Uvira, wengine kwa njia ya ziwa. Helikopta za MONUSCO, kikosi cha Umoja wa Mataifa, ziliwarudisha nyuma. Mwanzoni mwa 2018 jeshi likawashambulia Fizi, na maelfu ya raia wakakimbilia Burundi na Tanzania. Hapo ndipo kesi ingepaswa kufuata. Badala yake, waasi wa M23 walipoinuka tena, siasa iligeuka: sheria ya 2023 kuhusu jeshi la akiba ikawafungulia mlango wapiganaji walewale, sasa wakiitwa Wazalendo. Umoja wa Mataifa ulimwekea Yakutumba vikwazo Februari 2024. Kinshasa iliendelea kumhesabu upande wake.

Wengi wa vijana hao wana uchungu wa kweli na nchi yao, na wengi wamekufa kwa ajili yake. Ila serikali iliyomkabidhi mtu vita haiwezi tena kumuuliza habari za kizuizi chake. Februari 2025, Bukavu ilipoangukia mikononi mwa M23, wanajeshi waliokimbilia Uvira na Wazalendo waliowakuta huko walipigana wao kwa wao, mbele ya watu waliokuwa wamewalipa wote wawili. Desemba mwaka huohuo M23 ikaingia mjini.

Wapo wanaosema sheria haina nguvu huku kwetu. Usiku wa Mwaka Mpya 2011 wanajeshi waliwabaka wanawake wengi mjini Fizi. Kabla Februari haijaisha, mahakama ya kijeshi ilikuwa imefunga safari hadi Baraka, imewasikiliza wanawake hao, na imemhukumu kamanda wao, Luteni Kanali Kibibi Mutware, kifungo cha miaka 20. Mahakama ya namna ile inaweza kuketi tena, safari hii kwa ajili ya barabara na ziwa, na ianze na anayepokea raporo, imwache kwanza kijana anayeshika kamba.