Kucheka kwa Kuchelewa

Marafiki wanne wakisafiri kwenda mji mmoja, kila mmoja huwa amebeba mji wake kichwani. Tulipotoka Dar es Salaam kwenda Nairobi, wanawake wanne tuliojuana tangu usichana, Nairobi ya mmoja wetu ilikuwa Eastleigh na maduka yake ya nguo. Ya pili ilikuwa twiga. Ya tatu ilikuwa popote palipo juu panapotoa picha nzuri. Yangu ilikuwa ukumbi wa maigizo, nikachekwa tangu Namanga. "Yaani utoke Dar mpaka huku uje kukaa gizani, shoga?"

Tulifikia kwa mwenyeji wetu Kawangware, upande wa magharibi, pale Lavington inapokatikia. Kutoka mjini unapanda matatu namba 46, muziki unakutikisa mpaka mbavu. Kwanza yanapita mageti yenye walinzi na nyua za michongoma iliyokatwa kwa ustadi, kisha ghafla mahindi ya kuchoma, mitumba na bodaboda. Hakuna kibao kinachokuonya kwamba umebadilisha maisha. Mwenzetu wa Eastleigh, ambaye kila bei aliyotajiwa aliizidisha kwa ishirini ili ajue ni shilingi ngapi za kwetu, alitazama nje na kusema bei za nyumba za Lavington hata kuzizidisha anaogopa.

Tulikubaliana kila mtu awafuate wenzake kwa anachokitaka yeye, bila kununa. Tukapanda jengo la KICC, lile la mwaka 1973 lenye ghorofa 28, picha zikapigwa vilima vya Ngong vikiwa nyuma yetu. Tukaenda Langata kwa twiga. Nilikwenda kwa kumridhisha mwenzangu, lakini twiga aliposhusha kichwa mpaka usawa wa uso wangu, na ule ulimi mrefu wa rangi ya zambarau iliyokolea ukachukua chakula kiganjani, mkwaruzo kama wa msasa, nilipiga kelele kuliko watoto wa shule waliokuwa nyuma yetu. Nyumba ya mwandishi Karen Blixen tuliipitia haraka. Ni nzuri, ina bustani, lakini imeelezwa mno na mwenyewe.

Zamu yangu ikafika. Ukumbi wa Taifa wa Maigizo uko kwenye barabara ya Harry Thuku, mkabala na Hoteli ya Norfolk. Hao wawili wanatazamana kama majirani wenye kesi ya zamani. Hoteli ilifunguliwa mwaka 1904. Machi 1922, mpigania haki Harry Thuku alipokamatwa, umati ulikusanyika karibu na hapo kudai aachiwe. Wanaume walipoanza kurudi nyuma, Mary Muthoni Nyanjiru aliwasuta hadharani. Polisi wakapiga risasi, na inasimuliwa kuwa walowezi waliokuwa kwenye baraza ya hoteli nao walifyatua. Waliouawa walizidi 20, Nyanjiru akiwa miongoni mwao.

Miaka thelathini baadaye, mwaka 1952, ukumbi ukafunguliwa ng'ambo ya barabara. Ulijengwa zama za ukoloni na kwa muda mrefu ulibaki mahali pa michezo ya Kizungu, hata bendera ilipokwisha kubadilika. Mwaka 1976, mchezo wa Ngũgĩ wa Thiong'o na Mĩcere Mũgo kuhusu kesi ya kiongozi wa Mau Mau, Dedan Kimathi, uliambulia siku chache tu, kwa kuwa nafasi zilishachukuliwa na wageni. Watazamaji walitoka wakiimba na waigizaji mpaka nje. Mwaka uliofuata, wanakijiji wa Kamĩrĩĩthũ, Limuru, waliigiza kwa Kikuyu Ngaahika Ndeenda, mchezo ambao Ngũgĩ alishiriki kuuandika. Mchezo ukapigwa marufuku na Ngũgĩ akawekwa kizuizini. Mwaka 1982, mchezo wake mwingine, Maitũ Njugĩra, ulikuta milango ya ukumbi huu imefungwa. Ngaahika Ndeenda ilikuja kupanda jukwaa hilohilo Mei 2022, zaidi ya miaka arobaini baadaye. Ngũgĩ alifariki Mei 2025, lakini hilo aliwahi kulisikia.

Haya niliwasimulia wenzangu tukiwa tumesimama getini, na yule wa picha, kwa mara ya kwanza, hakuitoa simu.

Ndani tulitazama kichekesho cha familia inayogombea kiwanja cha marehemu baba yao. Kiingereza, Kiswahili, Sheng na Kikuyu vilichanganywa katika sentensi moja. Akaingia mheshimiwa kuja kupatanisha. Hakuwa amesema neno, watu wakaangua kicheko kwa kofia na mwendo wake tu. Sisi wanne tulikuwa tunacheka kwa kuchelewa, tukisubiri mama mmoja wa makamo wa kiti cha pembeni atunong'oneze: "Dada, hiyo ni ya juzi, ilikuwa kwa habari." Mtalii anaonyeshwa minara, lakini yale mambo ambayo wenyeji wanayajua bila kuambiwa hukutana nayo kwenye kicheko kinachompita. Saa mbili za giza lile zilinifahamisha Nairobi kuliko mchana wote wa juu ya KICC, ingawa mwenzangu wa picha bado anabisha.

Nisiwapambe Wakenya kupita kiasi. Aprili 2025, wasichana wa shule ya Butere walizuiwa kuonyesha mchezo wao, Echoes of War, mpaka Mahakama Kuu ikaagiza waruhusiwe. Hata hivyo, kwenye tamasha huko Nakuru waliimba wimbo wa taifa, wakaondoka bila kuigiza. Mabomu ya machozi yalipigwa kwa ajili ya mchezo wa shule! Lakini anayepiga bomu la machozi anakiri kwamba mchezo una uzito.

Huku kwetu sijui nani angehangaika. Kizazi changu kilisoma Kinjeketile cha Ebrahim Hussein, tukajibu maswali ya wahusika na dhamira, tukafaulu. Katika sisi wanne, hakuna aliyewahi kukiona jukwaani. Kenya vikundi vya maigizo huzunguka kuwachezea wanafunzi vitabu vyao vya mtihani, kuanzia Kigogo cha Pauline Kea hadi Bembea ya Maisha ya Timothy Arege. Biashara ni biashara, ndiyo, lakini mtoto anaiona tamthilia ikitembea na kutoka jasho. Walimu wetu wa Kiswahili hawana sababu ya kungoja wizara katika hili. Ukumbi wa shule upo, na wanafunzi wenye vipaji wapo.

Nawe ukipita Nairobi, panga safari yako iangukie mwisho wa wiki. Kutoka bustani ya Jeevanjee mpaka ukumbini ni mwendo mfupi kwa miguu. Tiketi hulipiwa kwa M-Pesa, hivyo mwombe mwenyeji akusaidie mapema, na umuulize kunachezwa nini, maana michezo mingi ya pale huonyeshwa wikendi moja tu ikaondoka.