Miti Ilipohukumiwa kwa Kosa la Mbung'o

Usukuma haukuvuliwa miti yake kwa uongo. Ulivuliwa kwa jambo la kweli. Mbung'o hukaa vichakani, na mbung'o ndiye anayeeneza malale kwa watu na nagana kwa ng'ombe. Serikali ya Mwingereza ikaifanya Shinyanga kuwa makao ya utafiti wa mdudu huyo chini ya Charles Swynnerton, na vichaka vikafyekwa, eneo baada ya eneo. Baadaye pamba nayo ikadai mashamba yake, Maswa na Bariadi. Ilipofika miaka ya 1980, makorongo yalikuwa yamechimbika malishoni, na akina mama walikuwa wakipikia samadi na mabua ya pamba kwa kukosa kuni. Hakuna aliyekuwa amesema uongo kuhusu mbung'o. Lakini hakuna aliyeuliza mti unampa nini mwanadamu, wala kitabaki nini ukiondoka.

Nusu ya ukweli ni hatari kuliko uongo mtupu, kwa sababu ina ushahidi. Ndivyo ninavyoona mabishano ya siku hizi kuhusu Bitcoin na mazingira.

Sarafu hii iliyoanza mwaka 2009 haina mchapishaji. Mashine duniani kote hushindana kubahatisha namba fulani. Takriban kila dakika 10, moja hushinda na mwenye nayo hulipwa sarafu mpya. Kubahatisha huko, kunakoitwa uchimbaji, kunakula umeme, tena mwingi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Cambridge walikadiria mwaka 2025 kwamba kazi hiyo inatumia terawati-saa 138 kwa mwaka, karibu asilimia 0.5 ya umeme wa dunia. Hiyo ni mara kadhaa ya umeme wote unaozalishwa Tanzania, na anayesema ni kidogo anatudharau.

Ila toka hapo, tazama ukweli huo umebebeshwa nini. Desemba 2017 jarida la Newsweek la Marekani liliandika kwamba Bitcoin iko njiani kumaliza nishati yote ya dunia ifikapo 2020. Mwaka 2018 jarida la sayansi la Nature Climate Change lilichapisha makala yaliyodai kuwa Bitcoin peke yake inaweza kulifanya ongezeko la joto la dunia lipite nyuzi 2 katika muda usiofika miongo mitatu. Mwaka uliofuata jarida hilohilo lilichapisha majibu ya watafiti wengine: hesabu ile ilitumia mashine za kizamani na kasi ya ukuaji isiyo na msingi. Dai lilikwisha kuzunguka dunia. Majibu hayakupata miguu hiyo.

Dai linalodumu zaidi ni lile la muamala mmoja kula umeme wa nyumba kwa wiki kadhaa. Wanaolitoa wanachukua umeme wote, wanaugawa kwa idadi ya miamala. Lakini mashine hazichomi umeme kwa kufuata idadi ya miamala. Zinafuata bei ya sarafu na malipo ya mshindi, ambayo hupunguzwa nusu kila baada ya miaka minne hivi. Aprili 2024 yalishuka hadi sarafu 3.125.

Wauzaji wa Bitcoin nao wana nusu yao ya ukweli. Wanasema Bitcoin hutumia umeme unaopotea tu. Nenda Hardin, jimbo la Montana, ambako kituo cha makaa ya mawe kilichokaribia kufungwa kilipewa uhai mpya na uchimbaji huo. China ilipoupiga marufuku mwaka 2021, mashine nyingi zilihamia Kazakhstan kwenye makaa ya mawe. Hata hesabu ya Cambridge kwamba asilimia 52.4 ya umeme huo ni wa maji, upepo, jua, nyuklia na mfano wake, ilitokana na majibu ya wachimbaji wenyewe, waliowakilisha karibu nusu ya shughuli yote. Mwamba ngoma huvutia kwake.

Wazee wa Simiyu walikuwa na njia bora ya kuamua. Ngitili ni eneo la malisho linalofungwa mvua zinapoanza na kufunguliwa kiangazi kikali. Ng'ombe hakutangazwa kuwa adui wa nyasi. Waliuliza: aingie lini, wangapi, na nani anabaki bila malisho? Sheria zilipitishwa kwenye dagashida, mkutano wa jadi, mbele ya watu, na sungusungu, walinzi wa jadi, wakazisimamia. Mradi wa HASHI wa kuhifadhi ardhi ulipoanza mwaka 1986, wakati Bariadi, Maswa na Meatu zingali ndani ya Mkoa wa Shinyanga, ngitili zilizobaki zilikuwa hekta 600 hivi. Zilikuja kuvuka hekta 300,000, na mwaka 2002 mradi ukapewa tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa.

Kwa maswali hayo, Luviro, mashariki ya Kongo, inaeleweka. Huko Hifadhi ya Virunga, chini ya mkurugenzi wake Emmanuel de Merode, ilianza kuchimba Bitcoin mwaka 2020 kwa umeme wa maporomoko ambao nyaya zilikuwa hazijaufikisha kwa wanunuzi, wakati watalii wamekatika na hifadhi inahitaji fedha za kulinda msitu unaokatwa kwa ajili ya mkaa. Hapo mashine haikumnyima mtu taa. Hardin ni kesi nyingine, ingawa sarafu ni ileile.

Kwetu Benki Kuu ilionya wananchi dhidi ya sarafu za kidijitali Novemba 2019. Juni 2021, akiwa Mwanza, Rais Samia aliitaka ijiandae kwa sarafu hizi. Sheria ya Fedha ya 2024 ikaweka kodi ya asilimia 3 kwenye malipo ya mali za kidijitali. Bwawa la Nyerere limeleta megawati 2,115. Basi haitashangaza siku mtu akija Bariadi na makontena yake akiomba umeme. Aitwe mbele ya watu. Aeleze atachukua umeme upi na saa ngapi, kama atazima mashine siku mahitaji yakipanda, kelele za feni zake zitafika nyumba ya nani, na mashine zikichakaa atazitupa wapi. Na watu wa Itilima na Meatu ambao bado wanasubiri nguzo wawepo wakati anajibu.