Istiskaa na Haki za Watu

Ndugu zetu Waislamu, chai tunywayo barazani na matangani hutoka Kericho na Bomet. Mchai hutaka mvua ya milimita 1,200 na zaidi kwa mwaka, tena iliyoenea miezi mingi. Sasa joto la huko limezidi, na mvua aidha huchelewa au huja kwa kishindo. Huko Mulot, ukingoni mwa nchi hiyo, upitapo mto Amala ukitoka msitu wa Mau kwenda kuwa mto Mara, mkulima hupanda mahindi kwa kubahatisha.

Sababu moja ni moshi wa makaa na mafuta ya dunia nzima, ambao sehemu kubwa hatukuuwasha sisi. Ya pili ni shoka. Ripoti ya serikali ya mwaka 2009 ilieleza kuwa zaidi ya hektari 100,000 za Mau, kadiri ya robo yake, zilikuwa zimegawiwa au kuvamiwa.

Wako wasemao, “Ni kadari.” Naam, mvua ni ya Mola. Lakini mafakihi wetu wa Kishafii, katika Sala ya Istiskaa, wametanguliza toba na kurudisha haki za watu kabla ya kutoka uwanjani. Akataye mti wa chemchemi amechukua maji ya aliye chini ya mto. Hiyo ni haki ya mtu.

Wala tusiwanyoshee vidole watu wa bara peke yao. Mikoko ya hori ya Tudor, hapa Mombasa, imekatwa na nani, na kuni zake zimepikia vyungu vya nani?