Hukumu ya Alalaye Nyikani na Mbwa Wake

Amma baad. Apigaye hema nyikani na mbwa wa kuwinda au wa kulinda, hana dhambi kwa kumchukua. Chombo alichokiramba huoshwa mara saba, moja kwa maji yenye udongo twahara. Lakini manyoya makavu yakigusa nguo kavu hapana najisi, na wengi hutaabika bure kwa hili.

Lililo zito ni maji. Alfajiri imeingia, na yaliyomo kiribani yatosha udhu au kiu ya mbwa, si yote mawili. Katika madhehebu ya Imamu Shafii, mbwa huyo, asipokuwa mkali aumaye watu, ni mnyama mwenye heshima: hunyweshwa yeye, na bwana wake hutayamamu kwa udongo wenye vumbi akasali. Bukhari na Muslim wamepokea habari za mtu aliyeshuka kisimani akamtekea mbwa maji kwa kiatu chake, akaghufiriwa. Ila anyweshwe chomboni mwake, mbali na kiriba.