Maji ya Rejeta na Mawe ya Njiani

Twapenda kuwasimulia ndugu zetu yaliyotufika mwezi wa Februari mwaka 2019 katika njia ya Nairobi. Kuharibikiwa na gari si jambo la ajabu. Lakini siku ile tulijiona nafsi zetu, wala hatukupendezwa na tulichokiona.

Tulitoka Mombasa saa nne za asubuhi, watu watano: sisi, kijana mwenye gari, mamake aliye mtu mzima na mwenye maradhi ya sukari, na wanafunzi wawili wa darsa. Juu ya kioo cha mbele ilitundikwa hirizi ya ngozi nyeusi. Tuliiona tukanyamaza, tusimvunjie kijana furaha ya gari lake. Tulipomuuliza kama ametazama maji ya rejeta alijibu, “Twende Sheikh, Mungu yupo.” Nasi tukaitikia, “Inshallah,” tukapanda.

Enyi ndugu, bedui aliyetaka kumwacha ngamia wake bila kumfunga aliambiwa na Mtume (s.a.w.) amfunge kwanza, kisha ategemee. Hadithi hii twaisomesha kila mwaka, na siku ile tulimwacha ngamia bila kamba. Tulipita Mackinnon Road, ulipo msikiti wenye kaburi la Seyyid Baghali, ambapo wasafiri wengi husimama. Mwenye kusimama akaswali na akamwomba Mola wake, amefanya jema. Lakini wako wanaomwomba maiti usalama wa safari, ilhali mipira ya magurudumu yao imelika hata nyuzi zaonekana. Hao wamekosa mara mbili: kwa Mola wao, na kwa abiria wao.

Kabla ya kufika Maungu sindano ya joto ilipanda na mvuke ukatoka mbele. Paipu ya rejeta ilikuwa imepasuka. Kijana alikimbilia kufungua kifuniko, tukamshika mkono. Maji yaliyobanwa humo hupita joto la kawaida la kuchemka, na kifuniko kikifunguliwa humrukia mtu usoni. Wala haifai kumwaga maji baridi juu ya chuma kilichowaka, kwani injini yaweza kupasuka. Hapana budi kungoja.

Tulikuwa na dumu moja la maji, lita 5. Wakati wa Adhuhuri ulikuwa umeingia, na mwanafunzi mmoja akaanza kukunja mikono ya kanzu atie udhu. Tukamkataza. Akasema kwa mshangao, “Tutayamamu, Sheikh, na maji haya hapa?” Tukamwambia maji yale si yetu, ni ya mama yule anayekaukwa na midomo. Wanachuoni wa madhehebu yetu ya Shafi wamelieleza wazi: maji yakihitajiwa kwa kiu, hata ikiwa ni kiu ya mnyama, mtu atatayamamu kwa mchanga wenye vumbi. Ama kuyabakisha kwa ajili ya rejeta, ili mama afike mjini, sisi twaona yaingia katika mlango huo huo. Mwenye ilimu zaidi na atusahihishe. Tukatayamamu, tukaswali Adhuhuri na Alasiri kwa kukusanya na kupunguza, kwani safari ya Nairobi, kiasi cha kilomita 480, yapita mno marhala mbili.

Magari mangapi yalitupita! Moja lilikuwa na Kalima nyuma yake, na mwenyewe twamjua. Aliyesimama ni dereva wa lori, Mkamba, Mkristo, wala hatukumpungia mkono. Aliikata paipu palipopasuka, akaivuta, akaikaza kwa kibano chake mwenyewe, akatupa maji yake. Tulipotoa fedha alicheka.

Kijana alikuwa ameweka matawi na mawe barabarani kuwaonya wenye magari, kwa kuwa alama za pembetatu zitakiwazo na sheria hakuwa nazo. Tukaondoka kwa furaha. Tulipokwenda kiasi cha maili moja mama akauliza, “Na yale mawe?” Kijana akasema jua linakuchwa, na wenye magari watayaona. Nasi, twakiri, tulikaa kimya kidogo. Kuondoa la kuudhi njiani ni katika tanzu za imani. Mara ngapi tumeyasema haya juu ya mimbari! Na jiwe lile usiku humwua mwenye pikipiki, baba wa watoto, asijue hata nani alilomwekea. Mama akasema, “Rudi, mwanangu.”

Tukarudi. Tukamkuta yule dereva wa lori amekwisha yabingirisha mawe yote pembeni, isipokuwa moja kubwa lililomshinda. Tukashuka sote tukamsaidia kulisukuma. Tulipokuwa tukienda Voi tulimweleza kijana juu ya ile hirizi, maneno tuliyopasa kumwambia tangu Mombasa.