Mzee Aliyekataa Kwenda Yerusalemu

Twapenda kusema kwamba uzee ni hekima. Maandiko Matakatifu hayasemi hivyo kwa urahisi. Mfalme Solomoni alisifiwa kwa hekima angali kijana. Alipozeeka ndipo wake zake walipougeuza moyo wake, akaijengea miungu ya kigeni mahali pa ibada. Nao waliomsingizia Susana hawakuwa wahuni wa njiani, bali wazee, tena waamuzi wa watu. Mvi peke yake si cheti.

Tumtazame basi Barzilai wa Gileadi, ambaye sisi wahubiri humsahau mara nyingi. Daudi alipomkimbia mwanawe Absalomu, Barzilai alikuwa miongoni mwa waliompelekea huko Mahanaimu vitanda, vyombo, ngano, dengu, asali na kondoo. Vita vilipokwisha, mfalme alitaka kumlipa fadhili, akamwalika Yerusalemu akatunzwe katika jumba lake. Nani angekataa? Mzee alikataa. Alikuwa na miaka 80. Alieleza, pasipo manung'uniko yoyote, kwamba ulimi wake hauonji tena ladha ya chakula, wala masikio yake hayafaidi nyimbo, naye hapendi kuwa mzigo kwa mfalme. Aliomba afe kwao, karibu na kaburi la baba na mama yake. Kisha akamsogeza mbele Kimhamu, kwamba aende yeye.

Neno hilo, aende yeye, ni zito kinywani mwa mzee. (Mwenye kuandika haya hajaota mvi bado, wazee watamwia radhi.) Wako baba wanaokalia funguo za ghala na hati za shamba hata wana wao nao wanazeeka, huku nyumba nzima ikingojea kifo kimyakimya. Lakini vijana wasikimbilie kucheka. Mara nyingi mzee hung'ang'ania kiti kwa sababu ameona yaliyompata jirani yake: alipogawa mashamba tu, hata uji wa asubuhi ukawa wa kuomba. Barzilai aliweza kuachia kwa kuwa alikuwa na kwao pa kurudi.

Wala si kila kitu ni cha kuachia. Eleazari, mwalimu wa Sheria, alikuwa na miaka 90 alipolazimishwa kula nyama ya nguruwe wakati wa mfalme Antioko. Rafiki zake walimshauri alete nyama iliyo halali, ajifanye tu kutii amri. Akakataa, kwani vijana wangedhani kwamba Eleazari ameiacha dini ya baba zake uzeeni, nao wangepotoka kwa ajili yake. Akauawa. Solomoni alikishika kiti, akaiachia imani. Eleazari aliuachia uhai wenyewe.

Daudi naye alizeeka. Siku zake za kufa zilipokaribia, hakumsahau yule mzee wa Gileadi: alimwagiza Solomoni awatendee wema wana wa Barzilai, wale mezani pake.